Maji ya Ziwa Yamefika Nzega. Nani Atayatunza?

Ndugu msomaji, kama unakaa Nzega, Igunga au Uyui, unaujua mwezi wa Septemba. Mto Manonga umebaki mchanga. Lambo la kijiji limekuwa tope, na ng'ombe wamelikanyaga. Mama anaamka jogoo wa kwanza. Anachimba mchangani, anangoja maji yajikusanye, anachota kata moja, kisha anangoja tena. Ndoo ikijaa jua limekwisha panda.

Shida hii si ya jana. Zamani misafara ya pembe na ya nguo ilipita katika nchi hii ikienda Tabora na kutoka Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walizijua njia zote. Walijua pia wapi pana maji na wapi hapana, kwa sababu msafara hulala penye maji. Mwezi wa Julai 1858 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alitoka Tabora akashika njia ya kaskazini pamoja na wapagazi hao. Walitembea kama siku 25. Mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa kubwa, akaliita Victoria, jina la malkia wa kwao. Watu aliowakuta pale walikuwa na jina lao tayari. Waliliita Nyanza.

Leo maji ya Nyanza yanasafiri kuelekea kule alikotoka Speke. Yanapita ndani ya bomba, chini ya ardhi.

BOMBA LINAANZIA WAPI?

Linaanzia Ihelele, Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Hapo mashine huvuta maji kutoka ziwani. Maji husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwa nguvu hadi kwenye matangi yaliyo juu ya kilima. Kutoka kilimani huteremka yenyewe kwenda Shinyanga na Kahama. Mradi huo wa kwanza ulizinduliwa mwaka 2009. Mtambo wake wa kusafisha maji ulijengwa uweze kutoa lita milioni 80 kwa siku. Ndoo yako ni lita 20. Basi hizo ni ndoo milioni 4 kila siku.

Baadaye Serikali iliamua kulirefusha bomba. Ilikopa fedha kutoka India, zaidi ya dola milioni 268 za Kimarekani. Bomba jipya liliungwa mahali panapoitwa Solwa, Mkoa wa Shinyanga, likaja mpaka Nzega. Hapa Nzega likagawanyika. Mkono mmoja ukaenda Igunga, mwingine Tabora. Mwezi wa Januari 2021 Rais John Magufuli aliuzindua mradi huu.

Nzega ni njia panda ya magari. Dereva anayetoka Singida huchagua hapa: aende Tabora, au aende Shinyanga na Mwanza. Sasa Nzega ni njia panda ya maji pia.

Kabla ya hapo miji hii ilitegemea mabwawa ya mvua. Tabora walikuwa na bwawa la Igombe. Igunga walikuwa na Bulenya. Mvua ikiwa haba, bwawa linashuka, na bomba la mjini linakauka. Mvua ikiwa nyingi, bwawa linapokea udongo, na kila mwaka kina chake kinapungua kidogo.

JE, TULIRUHUSIWA KUCHOTA?

Labda umewahi kusikia mtu akiuliza swali hili sokoni. Ni swali la maana. Maji ya Ziwa Victoria hutoka kwa Mto Naili, yanakwenda Uganda, Sudan Kusini, Sudan, mpaka Misri. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana mkataba na Misri. Ulisema kazi yoyote ya kupunguza maji ya Naili au ya maziwa yake, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, isifanywe bila Misri kukubali. Sisi Watanganyika hatukuulizwa. Mwaka 1962 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba mkataba huo haututii kamba. Hata hivyo miaka zaidi ya 40 ilipita tangu tangazo lile mpaka maji ya ziwa yakafika Shinyanga kwa bomba. Haki ya kuchota tulikuwa nayo. Bomba hatukuwa nalo.

TULISHAPATA MAJI, YAKAPOTEA

Hapa ndugu msomaji tukae kidogo, maana ndipo penye jambo lenyewe.

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa maji vijijini wa miaka 20. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kazi kubwa ilifanyika. Jirani zetu wa Shinyanga walichimbiwa mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono, kati ya mwaka 1974 na 1978, kwa msaada wa Uholanzi. Katika vijiji vingi vya nchi yalijengwa matangi, zikafungwa mashine za dizeli. Watu walipiga ngoma siku ya kufungua bomba. Wazee wanakumbuka.

Kisha ikawaje? Maji yalikuwa bure. Dizeli ilikuwa ya Serikali. Fundi alikuwa wa Serikali, anakaa wilayani. Kijiji kilikuwa na kazi moja tu, kuchota. Bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Mwaka 1978 na 1979 tulikuwa na vita vya Kagera. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikakosekana. Mashine ikisimama, mwenyekiti anaandika barua wilayani. Wilayani gari halina mafuta. Miezi inapita.

Pampu ya mkono nayo si kitu kigumu. Ndani ina washa, kipande kidogo cha ngozi au mpira, kinachovuta maji juu. Washa huchakaa. Ni kitu cha kutia mfukoni, na bei yake si ya kutisha. Lakini washa ikikosekana, kisima kizima kinakufa, na maji yapo chini yake! Mama anakipita na ndoo yake kichwani akienda mtoni. Watoto wanakalia pampu wakicheza.

Ulipofika mwaka 1991 watu wengi vijijini walikuwa bado mbali na maji. Mwaka huo huo Serikali ikatoa Sera ya Maji iliyosema wanavijiji wachangie. Sera ya mwaka 2002 ikakaza zaidi: kijiji kimiliki mradi wake na kilipe gharama za kuuendesha. Watu wengine walinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na sababu. Mtu aliyezoea bure kwa miaka 20 huwezi kumwambia leo "lipa" akacheka.

Serikali ilipanga kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12, kila upande wa bomba kuu, navyo vipate maji ya ziwa. Kwa hiyo swali la washa linarudi. Safari hii ni swali la koki, la bomba dogo lililopasuka, na la bili ya mwezi.

KWA NINI TULIPE? MAJI SI YA MUNGU?

Maji ya mvua ni ya Mungu, na ukikinga paani hakuna atakayekudai. Lakini fikiri juu ya safari ya maji ya ziwa. Ziwa Victoria liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabora iko juu zaidi, mita kama 1,200. Maji hayapandi mlima yenyewe. Lazima yasukumwe kwa umeme, mchana na usiku, na umeme hulipiwa. Dawa ya kusafisha hulipiwa. Fundi naye ana watoto.

Sasa tazama gharama ya upande wa pili. Sera ya mwaka 2002 ilisema mtu mmoja wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 150. Hizo ni ndoo saba na nusu. Ndoo moja ya maji ina uzito wa kilo 20. Tuseme kisima kiko kilomita 3. Kwenda na kurudi ni kilomita 6. Mama akienda mara tatu ametembea kilomita 18, na ameleta ndoo tatu tu. Hajafikisha hata nusu. Siku hiyo hakulima. Binti aliyemsaidia hakufika shule. Na ukinunua kwa kijana mwenye baiskeli na madumu, unalipa bei anayotaka yeye, na maji hujui kayatoa wapi.

Mimi naona gharama hii ndiyo kubwa, ila haiandikwi katika daftari lolote.

MAJI YAKIINGIA, MAJI MACHAFU YATATOKA

Jambo hili husahauliwa siku ya kufungua bomba. Mahali penye koki panamwagika maji. Yasipopewa njia, yanakuwa dimbwi. Nguruwe na bata wanafika, mbu wanazaa, na baada ya mwezi unakanyaga tope ili uchote maji safi. Chimbeni mfereji kutoka kwenye sakafu ya kituo, uende kwenye shimo lililojazwa mawe. Maji yatanywea taratibu. Au uelekezeni kwenye migomba. Kazi hiyo ni ya vijana wanne kwa siku moja.

Na lambo msilirudie kwa kuoga hata kama bomba limechelewa kufunguliwa. Kichocho kinakaa humo. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huanguliwa na kuingia ndani ya konokono. Yakitoka kwa konokono yanakuwa vijidudu vidogo visivyoonekana, vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati. Dawa yake ipo. Lakini akirudi kuogelea kule kule, atakipata tena.

DAFTARI NA DIRA

Mwaka 2019 Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira iliunda Wakala wa Maji Vijijini, yaani RUWASA. Kijijini kazi hufanywa na chombo cha watumia maji, ambacho wengi tunakiita kamati ya maji. Wanakamati huchaguliwa na watumiaji. Ninyi ndio watumiaji. Hivyo mna haki ya kusomewa mapato na matumizi mkutanoni, na mna haki ya kuomba kuliona daftari.

Hapo ndipo elimu yako ya kusoma na kuhesabu inapopata kazi. Usingoje kusomewa. Nenda kwenye kituo cha kuchotea maji, utafute dira. Ni kile kifaa cha duara chenye kioo, kilichofungwa kwenye bomba. Ndani kuna tarakimu. Soma zile nyeusi. Kila uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50.

Tufanye mfano. Jumatatu asubuhi dira inasoma 418. Jumatatu ya pili inasoma 430. Zimepita uniti 12. Zidisha kwa 50, unapata ndoo 600. Tuseme kijiji chenu kimekubaliana shilingi 50 kwa ndoo. Fedha zinapaswa kuwa shilingi 30,000. Daftari linasema shilingi 21,000. Zimepungua 9,000, ambazo ni ndoo 180.

Usisimame mkutanoni ukamwita muuzaji mwizi. Kwanza jioni, baada ya kituo kufungwa, nenda na mjumbe wa kamati mkasome dira na kuandika tarakimu zote, hata zile nyekundu. Mtazame pia kigurudumu kidogo kilicho ndani ya kioo. Asubuhi kabla ya kufungua, someni tena. Kama tarakimu zimesogea na hakuna aliyechota, bomba au koki inavuja baada ya dira, na fundi aitwe siku hiyo. Kama hazikusogea, ulizeni kuhusu zile ndoo 180.