Pengo Katikati ya Wimbo

Mchezo wa nyimbo A Little Night Music ulifunguliwa Broadway, New York, mwaka 1973. Mazoezi yalikuwa yameshasonga mbele pale mtunzi wake, Stephen Sondheim, alipomtungia mwigizaji Glynis Johns wimbo mmoja wa nyongeza. Johns alikuwa na sauti tamu yenye mkwaruzo, ila pumzi yake haikuwa ya kuvuta noti ndefu. Basi Sondheim akaukatakata wimbo katika vifungu vifupi, vingi vikiwa maswali, ili mwimbaji apate mahali pa kupumua. Huo ndio "Send in the Clowns".

Anayeuimba ni Desirée, mwanamke wa makamo ambaye punde tu amemfungulia moyo mwanamume anayempenda. Mwanamume ana mke kijana, hawezi kumwacha. Nao machale wa kwenye jina la wimbo wametoka katika misemo ya watu wa jukwaani: onyesho likienda mrama, leteni machale wawazuge watazamaji.

Aliyeketi ukumbini hahitaji kuelezwa lolote kati ya hayo, maana ameyaona kwa macho. Anayesikiliza santuri nyumbani hana mwanamume wala chumba wala pazia. Ana sauti tu. Waimbaji wengi wa pop wanaochota nyimbo za michezo ya jukwaani hulimaliza tatizo hilo kwa kulipuuza. Wanachukua melodi, wanaipamba kwa vinanda, mambo yamekwisha.

Barbra Streisand alikataa njia hiyo alipotengeneza The Broadway Album, albamu ya nyimbo za jukwaani iliyotoka mwaka 1985. Jukwaa lilikuwa kwao: aliingia Broadway mwaka 1962, na miaka miwili baadaye mchezo wa Funny Girl ukamfanya nyota. Baadaye zikaja filamu, nyimbo za redioni, hata disko pamoja na Donna Summer. Kampuni yake ya kurekodi, Columbia, haikuchangamkia wazo la kurudi nyuma namna hiyo.

Yeye akamwendea Sondheim. Katika "Send in the Clowns" alihisi wimbo unaruka hatua: kabla ya ubeti wa mwisho kuna hisia iliyokatika bila kuunganishwa. Mtunzi mwingine angenuna. Sondheim alikubali, kwa sababu Streisand alikuwa amepapasa mahali penyewe: kwenye mchezo, hapo watu huzungumza. Mazungumzo yakiondolewa, linabaki tundu. Akatunga mistari mipya ya kuliziba.

"Putting It Together" ulihitaji ukarabati mkubwa zaidi. Katika Sunday in the Park with George, wa 1984, ni wimbo wa msanii anayezunguka kwenye maonyesho akiwabembeleza wenye fedha. Sondheim aliuandika upya ukawa wa mwimbaji anayebishana na wakubwa wa kampuni za muziki. Sauti za wakubwa hao zimeigizwa na mwongozaji filamu Sydney Pollack na David Geffen, ambaye mwenyewe alikuwa na kampuni ya kurekodi! Streisand akauweka mwanzoni kabisa mwa albamu, na sidhani kama Columbia walihitaji kutafsiriwa.

"Somewhere", kutoka mchezo wa West Side Story wa 1957, umenishinda. Mtayarishaji David Foster aliufunika kwa vinanda vya umeme hadi vijana wawili wa mtaani, waliokuwa wakitafuta mahali pa kupendana kwa amani, wakaonekana wamehamia angani. Waliotoa tuzo za Grammy waliona vingine, wakamtuza Foster kwa upangaji huo huo. Streisand naye alipata yake ya uimbaji. Januari 1986 albamu ilikwishafika nafasi ya kwanza Marekani, na mwaka 1993 akarudia kazi kwa Back to Broadway, iliyofika hapo hapo.

Ile mistari ya kuziba pengo la "Send in the Clowns" ni ya santuri. Ukumbini haina kazi: mwanamume yupo, anaomba radhi, anatoka, na Desirée anaumalizia wimbo peke yake.