Fahamu: Wayahudi wa Mbale ni akina nani?

Kutoka Voi, treni ya SGR itakufikisha Nairobi, penye sinagogi la Kiothodoksi ambamo wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Ukitaka kusanyiko la kusali pamoja, vuka mpaka hadi Mbale, Uganda, kwa Waabayudaya, yaani Wayahudi wa huko.

Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekosana na Waingereza, alishika Uyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliupiga marufuku. Wengi waliuacha, wachache wakasali kwa siri. Leo wanawake husoma Torati mbele ya wote, na zaburi huimbwa kwa Kiganda. Rabi wao, Gershom Sizomu, alihitimu Marekani mwaka 2008.

Kujiunga nao si jambo la siku moja: kuna masomo, mahojiano mbele ya marabi watatu, kisha kuzamishwa majini.