Nanasi juu ya piza: ni matunda kiasi gani unakula kweli?

Tukikaa mezani na piza yenye vipande vya nanasi ikafika, mabishano yanaanza palepale. Mumoja anasema kuweka tunda juu ya fromaji ni kuharibu chakula. Mwingine, na huyu njo ananisumbua zaidi, anasema: «Acha nikule, hii iko na matunda, ni chakula cha afya.» Mambo ya ladha sitayaingilia, kila mutu na ulimi wake. Ile neno «afya» njo ninataka tuipime. Wengi wetu tunaishi kwenye chumba cha kupanga, tunakula mara moja au mbili kwa siku. Kile tunachojihesabia kuwa matunda, kinafaa kiwe matunda kweli.

Kwanza historia kidogo, maana watu wengi wanafikiri hiki chakula kimetoka Hawaii ao Italia. Hapana. Kimetoka Kanada. Mwaka 1962, mwenye resto mumoja mwenye asili ya Ugiriki, Sam Panopoulos, aliweka nanasi ya mukebe juu ya piza katika muji wa Chatham, jimbo la Ontario, kwa kujaribu tu. Jina «Hawaii» lilikuwa jina la ule mukebe. Alikufa mwaka 2017, mwaka uleule raisi wa Islandi alipotania wanafunzi kwamba angeweza angekataza nanasi juu ya piza, na dunia nzima ikamukalia. Angalia tu hapo: tangu siku ya kwanza ni nanasi ya mukebe. Tutairudilia.

Sasa hesabu. Kipande kimoja cha piza ya kawaida ya fromaji na tomati, chenye uzito wa gramu 107 hivi, kinaleta kalori karibu 285, protini gramu 12, mafuta gramu 10, wanga gramu 36, kalsiamu miligramu 200 na sodiamu miligramu 640. Hizi ni hesabu za wastani; piza yenye fromaji nyingi inapita hapo. Na nani anasimamia kwenye kipande kimoja? Vitatu vinafika kalori 855 na protini gramu 36.

Weka nanasi. Juu ya kipande kimoja mara nyingi unakuta vijipande vidogo vidogo, tuseme gramu 30 kwa jumla. Nanasi mbichi ni maji kwa asilimia 86, kwa hiyo hizo gramu 30 zinaongeza kalori 15 tu, sukari gramu 3, na nyuzinyuzi zisizofika nusu gramu. Wale wanaogopa piza ya nanasi «kwa sababu ya sukari» wanaogopa kitu kidogo na kuacha kikubwa: unga wa ngano wa chini yake unaleta wanga mara tisa kupita hilo tunda, na mwilini huo wanga nao unageuka sukari ya damu. Kama uko na mutu wa diabete nyumbani, mwangalie idadi ya vipande mbele ya kuangalia nanasi.

Na vitamini C, ambayo njo sababu kubwa ya kusifu nanasi? Mbichi iko na miligramu 48 hivi kwa gramu 100. Gramu zetu 30 zingetoa 14. Lakini vitamini C inaharibika kwa moto na inatoka pamoja na maji. Nanasi ya mukebe imekwisha kupikwa kiwandani, inabakia na miligramu 9 ao 10 kwa gramu 100, ni kusema 3 kwenye kipande chako, halafu inaingia tena katika tanuri yenye moto mukali. OMS inapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mutu muzima. Kwa hiyo vipande vitatu vya piza ya nanasi ya mukebe havitakufikisha hata kwenye robo. Hiyo OMS tena inaomba gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Wewe umekula 90 za nanasi, na tomati kidogo.

Kitu cha kuogopesha kweli kiko kwingine, na hakuna mutu anakibishania mezani: chumvi. Kipimo cha OMS kwa mutu muzima ni chini ya miligramu 2.000 za sodiamu kwa siku, sawa na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Vipande vyetu vitatu viko na 1.920. Siku nzima imekwisha, na asubuhi ulikwisha kula mukate. Chumvi iko ndani ya fromaji, ndani ya unga uliokandwa, ndani ya sosi. Nanasi haiondoe hata punje moja. Kwa mawazo yangu inafanya hata vibaya kidogo, kwa sababu utamu wake unafunika chumvi kwenye ulimi, unaona chakula ni laini, unaongeza kipande. Presha ya damu haiumize mutu miaka mingi, njo maana vijana hawaifikirie. Jambo moja jema: piza ya fromaji na nanasi bila jambo (ile nyama ya nguruwe ya chumvi ambayo kwa kawaida inaandamana nayo) inapunguza mzigo.

Sisemi piza ni sumu. Kwa mwanafunzi mwenye kula bugali ya muhogo na sombe kila siku, protini gramu 36 na kalsiamu miligramu 600 ni kitu kikubwa, kwa sababu muhogo uko na protini kidogo sana. Hiyo kazi inafanywa na fromaji. Na sisi wa Kivu tuko na fromaji yetu ya Masisi, ya aina ya Gouda. Gouda kwa kawaida iko na protini gramu 25 na kalsiamu miligramu 700 kwa gramu 100, kupita mozarela. Iko pia na chumvi kupita mozarela, basi ukiitumia nyumbani, acha kutia chumvi ndani ya sosi. Mwenye hana uwezo wa fromaji asihuzunike: sambaza unazokula pamoja na mifupa yake zinaleta protini na kalsiamu pia.

Kuna matunda ambayo piza inayasaidia kweli. Tomati, ambayo kwa wataalamu wa mimea ni tunda (basi kila piza ya tomati ni piza ya tunda, mabishano yaishe), iko na rangi nyekundu inayoitwa likopeni, na mwili unaipokea vizuri zaidi ikipikwa pamoja na mafuta. Maembe na papai ziko na karotini, ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A, nayo inahitaji mafuta ili ipite. Avoka inaleta mafuta mazuri na nyuzinyuzi gramu karibu 7 kwa gramu 100, lakini iwekwe nyuma ya moto, ikipikwa inakuwa chungu.

Kwa nanasi, mimi ninaikata mbichi na kuikula pembeni, kisahani kizima, gramu 150 ao 200: hapo vitamini C inapita ile 45 bila shida. Usiichanganye tu na fromaji laini ao maziwa ukaacha saa nyingi. Nanasi mbichi iko na bromelaini, kimeng'enya kinachokata protini, na maziwa yatakuwa machungu. Ile ya mukebe haifanye hivyo, moto ulikwisha kuiua bromelaini kiwandani pamoja na vitamini nyingi.