Kabureta ya Pikipiki: Kuitunza na Kuichagua

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mchanganyiko kamili, kwa uzito, ni takriban hewa 14.7 kwa petroli 1. Plagi ndiyo shahidi mwema: ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi, ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini huchemka, rangi ya kahawia ni dalili ya afya.

Adui mkubwa ni uchafu. Petroli ya kwenye chupa za barabarani huja na vumbi na maji, ambayo hutuama kwenye bakuli la boya na kuziba jeti, vile vitundu vyembamba vinavyopima mafuta. Jeti husafishwa kwa petroli safi na upepo wa kompresa. Mafundi wengi huzichokonoa kwa waya; huo ni uharibifu, kwani tundu likipanuka kidogo tu, pikipiki huanza kunywa mafuta na hakuna skrubu itakayoirekebisha. Chujio la hewa nalo lisafishwe, hasa kwenye njia za vumbi.

Wakati wa kununua kabureta mpya, ukubwa ufuate injini. Pikipiki nyingi za bodaboda, za cc 125 hadi 150, hutumia kabureta yenye tundu la hewa la milimita 24 hadi 27. Kubwa zaidi haiongezi nguvu: hewa hupita polepole, na pikipiki husitasita inapoondoka. Mnunuzi aende dukani na kabureta ya zamani mkononi, alinganishe matundu ya boliti na jeti.