Kuibua mashine ya hali kutoka msimbo wa programu

Kuibua mashine ya hali ni kazi ya uhandisi wa programu ambamo msimbo uliokwisha kuandikwa husomwa ili kupata mchoro wa hali ambazo programu inaweza kuwamo, pamoja na matukio yanayoitoa hali moja na kuipeleka nyingine. Kwa kawaida mchoro hutangulia na msimbo hufuata. Hapa mambo ni kinyume.

Mfano mzuri ni simu ya mezani. Mkono wa simu ukiinuliwa wakati simu imetulia, mtu anaanza kupiga. Ukiinuliwa wakati simu inaita, anapokea. Tukio ni lilelile, lakini matokeo yanategemea hali.

Katika msimbo hali hizo hazionekani wazi. Zimefichwa ndani ya vigeu, yaani mahali programu inapohifadhi thamani, na masharti ya kuzibadilisha yametawanyika katika mafaili mengi. Mchoro wa awali, kama ulikuwepo, mara nyingi umepitwa na wakati, maana waandishi wa programu husahihisha msimbo bila kuurudia mchoro. Mchoro unasema kilichokusudiwa. Msimbo ndio unaotenda.

Ugumu mkubwa ni wingi. Kigeu kimoja cha biti 32 kinaweza kubeba thamani 4,294,967,296 tofauti, na programu huwa na vigeu vingi. Kwa hiyo thamani hukusanywa katika makundi machache, kwa mfano hasi, sifuri na chanya. Hapo panahitajika busara kuliko kompyuta: mtu akipunguza ovyo, mchoro utaonyesha njia ambazo programu haipiti kamwe, au utaficha kosa lenyewe linalotafutwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Gerard Holzmann na Margaret Smith wa Bell Labs, Marekani, waliitumia mbinu hii kwa programu ya kuunganisha simu ya mtambo wa PathStar, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Msimbo uligeuzwa kuwa modeli ya kukaguliwa na programu ya SPIN, ambayo Holzmann aliitunga. Msimbo ulipobadilika, modeli iliibuliwa upya. Ukaguzi wa namna hiyo hufikia mifuatano ya matukio ambayo majaribio ya kawaida huikosa, kama vile mtu kukata simu wakati uleule simu nyingine inapoingia.

Mwaka 2000 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, walieleza zana iitwayo Bandera, inayofanya kazi kama hiyo kwa programu za lugha ya Java.