Filta ya lenzi: Ngao ya vumbi, si ya kuanguka

KIANGAZI kinapoingia wilayani Karatu, mkoani Arusha, gari moja likipita katika barabara ya udongo ya kata ya Buger huacha nyuma yake wingu jekundu lisilotua upesi. Mpiga picha za harusi aliyepanda pikipiki, begi likiwa mgongoni, hufika kwa wenyeji akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kamera yake haisalimiki. Waongoza watalii hukutana na hali hiyo hiyo wanapolipita lango la Lodoare, mahali ambapo lami hukoma na barabara ya vumbi ya Ngorongoro huanza.

Hapo ndipo muuzaji wa kamera asipopata shida kumshawishi mteja aongeze filta, yaani kile kioo chembamba cha duara kinachofungwa kwa kuzungushwa mbele ya lenzi. Swali ni iwapo kioo hicho hulinda kweli, au huharibu picha kwa fedha za mnunuzi mwenyewe.

Filta inayouzwa zaidi ni ile yenye herufi UV. Enzi za filamu ilikuwa na kazi halisi. Filamu iliathiriwa na mionzi ya urujuanimno, hasa sehemu za mwinuko kama ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na milima ya mbali ikatoka na ukungu wa samawati. Katika kamera za dijitali, kioo kilichowekwa kiwandani mbele ya kihisio huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Kazi iliyobaki kwa filta ni ulinzi tu.

Dhidi ya kuanguka, ulinzi huo ni mdogo kuliko unavyosifiwa. Filta hupasuka kwa kishindo ambacho kioo cha mbele cha lenzi, kilicho kinene, mara nyingi kingekistahimili. Mwenye kamera huonyesha vipande na kusema lenzi imeokolewa, ilhali vipande hivyo hivyo vinaweza kuikwaruza. Kofia ya lenzi, ule mdomo wa plastiki unaochomoza mbele, hupokea kishindo vizuri zaidi, na tena hukinga jua.

Vumbi ni habari nyingine. Udongo wa nyanda hizi kwa sehemu kubwa umetokana na volkano, na Oldoinyo Lengai ilimwaga majivu tena mwaka 2007 na 2008. Chembe zake nyingine ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Anayefuta lenzi kavu kwa pindo la shati anaipiga msasa. Akiwa na filta, kinachochakaa ni kitu cha kubadilishwa. Zipo hata lenzi, kama Canon ya milimita 17-40, ambazo mtengenezaji mwenyewe hutaka zifungwe filta ndipo kinga yake dhidi ya vumbi na maji ikamilike. Lakini filta haina msaada kwa anayebadilisha lenzi garini dirisha likiwa wazi. Vumbi hilo huingilia nyuma.

Gharama yake huonekana kwenye picha. Uso wa kioo usiopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na filta ina nyuso mbili. Zile zilizopakwa tabaka nyingi hurudisha chini ya asilimia 1 kwa kila uso, ila bei yake inaweza kukaribia ile ya lenzi ndogo iliyotumika, na hapo ulinzi unakuwa hauna hesabu. Mwanga unaopotea si hoja. Hoja ni ule unaorukaruka kati ya filta na lenzi. Harusini usiku, taa za ukumbi huzaa madoa ya mwanga usoni mwa bibi harusi, na picha hiyo hairudiwi. Wakati huo, kama wakati wa kupiga jua likizama, filta hutolewa.

Ikipasuka, lenzi huelekezwa chini kwanza ili vipande vidondoke, vilivyosalia vikaondolewa kwa kipulizio cha mpira na brashi laini, ndipo fremu ifunguliwe taratibu. Ikiwa imepinda na kukwama, ni ya kupelekwa kwa fundi.