Kuwalisha Nyuki Wageni

Wasomaji wetu wengi wajua ya kuwa nyuki wa pwani hawavumilii njaa: wakikosa chakula huhama wote, mzinga ukabaki mtupu. Kundi lililoingia mzingani karibuni halina masega wala akiba, na nta hutoka katika utamu walao. Basi mvua za masika zikishika siku nyingi, nyuki wasiweze kutoka, twashauri wasaidiwe.

Twaa sukari nyeupe kilo 1 na maji ya moto lita 1, ukoroge hata iyeyuke, kisha uiache ipoe. Sukari guru isitumiwe, wala sukari isiungue, maana huwaharisha nyuki. Tia katika chombo kipana, uweke vijiti juu yake wasizame, ukiingize mzingani magharibi. Ukiweka nje mchana, nyuki wa mizinga mingine watakuja kunyang'anya. Na mahali penye nyumba nyingi kama Manzese, Dar es Salaam, ugomvi huo huwapata majirani na watoto wao.

Maua yakichanua, acha kulisha. Sukari iliyowekwa masegani si asali. Aiuzaye kwa jina la asali amdanganya mnunuzi.